Uzi maalumu: mvinyo wa Italia usio na jina, na kwa nini tuache kuupima kwa rangi

#1 Mgosi_wa_Monferrato (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kila uzi wa mvinyo unaofunguliwa humu majina ni yale yale. Prosecco ya kipaimara, Chianti ya kumtoa mchumba, Barolo kwa wenye nazo, na ile Lambrusco tamu inayokaa rafu ya chini kwenye kila supamaketi kuanzia Mikocheni hadi Westlands. Mtu akishapita hizo nne anajiona ameimaliza Italia.

Daftari rasmi la serikali ya Italia lina mbegu za zabibu za mvinyo zaidi ya 500. Nyingi zinalimwa kijiji kimoja au viwili, wenyeji wanakunywa wenyewe, habari inaishia hapo hapo. Uzi huu ni wa hizo, na nitaanza na za huku ninakoishi.

Kwanza ugomvi. Ukitaka kuufaidi upande huu wa Italia, acha kuupima mvinyo mwekundu kwa weusi wake. Nafanya kazi kwenye mgahawa mkoa wa Asti, Piemonte, kaskazini-magharibi. Nipo jikoni zaidi, ila watu wakiwa wengi nahudumia mezani pia. Mteja ananyanyua glasi, anaviona vidole vyake upande wa pili, anakunja uso: huu umetiwa maji. Ndugu zetu wanaotoka nyumbani kuja kutembea ndio usiseme.

Haya, chukua Grignolino. Ni mbegu ya hapa hapa, vilima vya Monferrato kati ya Asti na Casale. Rangi yake ni wekundu uliopauka, pembeni mwa glasi unaelekea uchungwa. Ukinusa unapata stroberi, majani makavu na pilipili manga kwa mbali. Unajisemea hiki kinywaji chepesi. Unapiga funda, ulimi unakamatwa. Ni ukakasi ule wa ndizi mbichi, unaokausha fizi mpaka unatafuta mate. Sababu iko kwenye punje yenyewe: ganda lina rangi kidogo, lakini ndani kokwa zimejaa kuliko kawaida, na kokwa zina tanini kali, kile kinacholeta ukakasi. Mtengenezaji akikamua kwa pupa imekula kwake. Wanaojua kazi hukamua taratibu na hawaachi kokwa na maganda yalowe muda mrefu. Jikoni tunautoa na salami na vitu vya kukaanga. Funda moja, mafuta yote mdomoni yameondoka, unarudi kwenye sahani na njaa mpya.

Ya pili ni Ruchè, inalimwa Castagnole Monferrato na vijiji sita vya jirani, basi. Hii ilikuwa inakufa. Miaka ya 1960 akaja paroko mmoja, Don Giacomo Cauda, akakuta mistari michache ya Ruchè kwenye shamba la parokia. Wengine walikuwa wakiichanganya tu na zabibu nyingine. Yeye akaipanda upya, akautengeneza mvinyo wake peke yake na kuutia kwenye chupa zenye jina. Mwaka 1987 ukapata DOC, cheti cha kisheria cha mvinyo wa eneo maalumu, na 2010 ukapanda hadi DOCG, ngazi ya juu kabisa kwenye sheria yao. Yote hayo mwanzo wake ni padri mkaidi na shamba la kanisa. Harufu ya Ruchè haihitaji utaalamu: waridi na viungo vinakufikia kabla hujaisogeza glasi puani. Kwa mtazamo wangu ndio mvinyo mwekundu wa Kiitaliano unaokaa vizuri kuliko yote na pilau, ile ya iliki na mdalasini, si ile ya kuwekwa rangi.

Ya tatu ni Pelaverga ya Verduno. Verduno ni moja ya vijiji vya Barolo, yaani hekta moja ya ardhi pale ina bei ya kutisha, na bado wapo wanaotenga sehemu kwa zabibu hii isiyojulikana. Rangi hafifu kabisa, pilipili manga mwanzo mwisho. DOC yake ni ya mwaka 1995. Wenyeji wana utani kwamba inasaidia mambo ya chumbani. Mimi hapo simo.

Bei: Grignolino nzuri huku ni euro 8 hadi 12. Ruchè 10 hadi 15. Barolo ya maana weka 40 mezani ndipo tuongee.

Nitaendelea na nyeupe. Karibuni.

#2 Nimekaa_Pale

Shusha nondo mkuu. Hapo kwenye Pelaverga rudia taratibu, sisi wengine tunaandika.

#3 Kashasha_Mtupu

Mleta uzi una kalamu nzuri ila tusidanganyane. Mvinyo mwekundu lazima uwe mzito. Nikinunua chupa nataka niusikie, niuone umeshika glasi. Huo unaopitisha mwanga ni juisi yenye cheti. Hizi ni mbwembwe za Wazungu kuuza zabibu zilizoshindikana.

#4 Mgosi_wa_Monferrato (mleta uzi)

@Kashasha_Mtupu nilikuwa nakusubiri wewe.

Rangi na kileo ni vitu viwili. Kileo kinatoka kwenye sukari ya zabibu inayoliwa na chachu, rangi inatoka kwenye ganda. Ruchè unayoiona nyepesi mara nyingi ni asilimia 14, nyingine zinapita. Na Barolo yenyewe, huyo mfalme wenu, inatengenezwa na Nebbiolo, ambayo ni zabibu yenye rangi hafifu. Kisheria haitakiwi kushuka chini ya asilimia 13. Weka Barolo ya miaka kumi kwenye glasi bila kumwonyesha mtu chupa, atakwambia umemletea mvinyo uliochoka.

Halafu huo weusi mnaouamini ulikuwa bidhaa ya kusafirishwa. Kwa miongo mingi Puglia na Sicilia, hasa upande wa Pachino kunakolimwa Nero d'Avola, walikuwa wanapeleka mvinyo mweusi mzito kwa wingi kaskazini mwa Italia na Ufaransa. Haukuwa na jina kwenye chupa yoyote. Kazi yake ilikuwa kuupa mvinyo wa mwingine rangi na nguvu. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anasifia weusi wa chupa yake, mara nyingine alikuwa anamsifia mkulima wa Pachino ambaye hakulipwa hiyo sifa.

Kisa kingine ni Cirò, Calabria, kule kidoleni mwa buti. Zabibu yao ni Gaglioppo: rangi hafifu, ukakasi wa kutosha, inakwenda vizuri na 'nduja, ile soseji yao laini ya pilipili. Wazalishaji wakaona soko linataka weusi, kanuni zikalegezwa, zabibu nyingine zikaruhusiwa kuingia hadi asilimia 20, za kigeni zikiwemo. Kundi la wakulima wadogo likagoma, likaendelea na Gaglioppo tupu. Leo wanaotafutwa na wanunuzi wa nje ni hao waliogoma.

#5 Kashasha_Mtupu

Sawa, kwenye kileo nimekuelewa. Kwenye juisi bado nipo pale pale.

#6 Wa_Lavington

Niaje wadau. Niko Nairobi. Kuna restorani moja huku waliniletea waini ya Etna, Nerello Mascalese, jamaa wa meza akaisifu sana. Mimi nikaona ni pombe tu, inachoma koo, harufu ya matunda sikuipata hata kidogo. Na haikuwa bei ya kucheka. Shida ni yangu au ni ya waini?

#7 Mgosi_wa_Monferrato (mleta uzi)

Shida karibu kila mara ni joto, @Wa_Lavington. Chupa ilikuwa imesimama wapi? Kama ilikuwa juu ya kaunta au karibu na jiko, imeshaharibika kabla hujakaa.

Ule ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumbani ni wa nyumba za mawe za Ulaya kabla ya vipasha joto. Chumba chake kilikuwa nyuzi 16 au 17. Chumba cha Dar mwezi Februari kina nyuzi 30 na zaidi. Mvinyo ukiwa na joto hilo kileo ndicho kinachopanda puani, matunda yanapotea, na ule mwepesi ndio unaoumia zaidi kwa sababu hauna sukari wala uzito wa kujifichia. Nerello, Pelaverga, Grignolino, Frappato, Rossese ya Dolceacqua, Schiava ya Alto Adige: zote zipitishe friji nusu saa au zaidi kidogo kabla ya kufungua. Nyuzi 14 hadi 16 zinatosha. Restorani ikikunyanyulia nyusi, omba ndoo ya barafu uweke mwenyewe. Pesa ni yako.

Na Etna usiikatie tamaa. Mizabibu inapanda matuta ya mawe meusi ya volkano, mingine inafika kama mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, usiku kuna baridi kali hata kiangazi. Ndiyo maana mvinyo wa Sicilia, kisiwa chenye jua vile, unatoka mwembamba na wenye uchachu.

#8 Sharifu_wa_Mtoni

Assalaam alaykum. Mimi situmii, dini hairuhusu na sijawahi kutamani, ila uzi nausoma kwa ajili ya kilimo na historia. Maswali mawili. Kwanza, nini hasa kiliziua hizi mbegu mpaka padri aokoe moja? Pili, Sicilia ilitawaliwa na Waislamu zaidi ya miaka mia mbili, kuna mbegu yoyote iliyobaki na alama yao?

#9 Dada_wa_Udine

Mgosi naomba nijibu la kwanza, nipo upande wa pili wa nchi, Friuli, mpakani na Slovenia, na huku tuna kesi nzuri zaidi ya hiyo ya padri.

Sharifu, pigo la kwanza lilikuwa mdudu, filoksera, anayekula mizizi. Alitoka Marekani, akaonekana Italia mwaka 1879. Dawa ilikuwa kupandikiza kila mzabibu juu ya shina la Kimarekani lenye kinga. Hebu fikiria kupanda upya nchi nzima: mkulima alichagua mbegu zinazozaa sana, zile za uzao mdogo akaziacha zife. Pigo la pili likaja baada ya Vita Kuu ya Pili. Vijana walishuka kutoka vilimani kwenda viwandani, vyama vya ushirika vikawa vinanunua zabibu kwa kilo, na mbegu yenye vichala vidogo haina kazi kwenye mizani.

Pigo la tatu lilitoka ofisini. Hapa kuna zabibu nyeusi inaitwa Schioppettino, ya bonde la Prepotto. Kufikia miaka ya 1970 ilikuwa imebaki miche ya kuhesabika, na kwa kuwa haikuwa kwenye orodha ya mbegu zilizoruhusiwa, kuipanda lilikuwa kosa kisheria. Zabibu ya kijiji, kwenye kijiji chake, haramu. Mwaka 1970 mume na mke, Paolo na Dina Rapuzzi, wakanunua shamba Cialla, wakazunguka kutafuta miche iliyosalia, wakaipanda tu. Mwaka 1975 familia ya Nonino, watengenezaji wa grappa, ile pombe kali ya makapi ya zabibu, ikaanzisha tuzo kwa watu wanaookoa mizabibu ya zamani ya Friuli, na ya kwanza ikaenda kwa hao hao waliokuwa wanavunja sheria. Kelele zikawa nyingi, baadaye serikali ikairuhusu.

Ladha yake ni pilipili manga, na hapa si lugha ya washairi wa chupa. Kuna kemikali inaitwa rotundone, imo kwenye pilipili manga na imo kwenye ganda la Schioppettino kwa wingi. Watu wengine pua zao haziioni kabisa. Ukimpa mmoja anashangaa unachosifia, jirani yake anapiga chafya.

#10 Mgosi_wa_Monferrato (mleta uzi)

Dada umemaliza. Mimi wa Muheza, pilipili manga inayotoka Amani imekauka uani kwetu tangu sijajua kusoma, hiyo harufu huwezi kunibambikia. Schioppettino inayo.

Sharifu, wa alaykum salaam. La pili: Pantelleria. Ni kisiwa cha Italia lakini kiko karibu zaidi na Tunisia kuliko na Sicilia yenyewe. Zabibu yao inaitwa Zibibbo, jina hilo nadhani halikuhitaji mkalimani. Upepo wa kule haupumziki, kwa hiyo kila mzabibu unapandwa ndani ya shimo lililochongwa, unabaki mfupi, matawi yanatandaa karibu na ardhi, shimo linakinga upepo na kukusanya umande. Kila kitu kinafanywa kwa mikono na mgongo umeinama. Mwaka 2014 UNESCO iliuweka huo utaratibu wa kilimo kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Sehemu ya mavuno huanikwa juani mpaka yanakuwa zabibu kavu, na hizo kavu wewe na mimi tunaweza kula pamoja bila neno.

#11 Mkulima_Hombolo

Nimesoma kimya kimya mpaka hapa, sasa nisikilizwe. Mnazunguka Italia nzima wakati Hombolo, Dodoma, mbegu za Kiitaliano zimo ardhini. Aglianico ipo. Teroldego ipo. Marzemino ipo. Zililetwa na Waitaliano walioanzisha kiwanda cha CETAWICO hapa. Watu wanajua Makutupora nyekundu na ile nyeupe, Chenin, basi. Ukimwambia mtu wa Dar kwamba Dodoma kuna Teroldego anadhani unamtukana.

Na sisi tunavuna mara mbili kwa mwaka. Shida yetu haijawahi kuwa mbegu. Ni kuvuna halafu unakaa na zabibu inaoza shambani kwa sababu aliyeahidi kununua hapokei simu. Simtaji mtu.

Swali langu: hiyo Aglianico ikiwa kwao inakuwaje? Maana yangu naijua, ya kwao sijawahi kuionja.

#12 Mgosi_wa_Monferrato (mleta uzi)

Mkuu @Mkulima_Hombolo, wewe ndiye ulipaswa kufungua huu uzi.

Kwao ni kusini, Campania na Basilicata. Jina kubwa ni Taurasi, vilima nyuma ya Napoli upande wa Avellino, DOCG tangu 1993, na haiuzwi kabla haijakaa angalau miaka mitatu. Ni nyeusi kweli, Kashasha furahi. Uchachu mkali, tanini kali, cheri nyeusi, moshi, kitu kama udongo uliolowa. Na ni mbegu ya kuchelewa: huvunwa Oktoba mwishoni, hata Novemba, wakati vilele vya milima ya jirani vinaanza kupata theluji. Inaning'inia mtini miezi mingi, mchana jua, usiku baridi, tanini zinaiva polepole.

Hapo ndipo ilipo tofauti na kwako. Dodoma ipo kama mita 1,100 juu, usiku kuna ubaridi kidogo, lakini mzabibu haupati majira ya baridi ya kulala. Wewe ndiye unayeulaza na kuuamsha kwa mkasi wa kupogolea. Mzunguko unakuwa mfupi, sukari inapanda haraka na kokwa zinabaki za kijani. Kwa hiyo ningekuuliza mimi: mnavuna mkiangalia kipimo cha sukari peke yake, au kuna anayepasua punje na kutafuna kokwa? Huku wazee wanatafuna. Kokwa ikiwa ya kahawia na inakatika kama karanga, wanaleta makreti. Ikiwa kijani na inabandika ulimi, wanasubiri hata kipimo kiseme nini.

#13 Mkulima_Hombolo

Kiwandani wanaangalia sukari. Mkulima anaangalia ndege na mvua. Ukisubiri kokwa ibadilike rangi utavuna manyoya ya ndege. Lakini hilo la kutafuna nitalijaribu kwenye mistari ya juu, ile Aglianico ya mwanzo.

#14 Dada_wa_Udine

Na Teroldego nayo usiidharau, Mkulima. Kwao ni uwanda mmoja tu, Campo Rotaliano, kaskazini ya Trento, kati ya mito Adige na Noce. Aliyeirudishia heshima ni mwanamke, Elisabetta Foradori, aliyeachiwa mashamba ya baba yake akiwa binti mdogo na akaanza kuchagua upya miche, akipunguza wingi ili apate ubora.

Halafu kuna jambo la ukoo. Mwaka 2006 vipimo vya vinasaba vilionyesha kwamba Teroldego na Dureza ya Ufaransa ni ndugu wa baba na mama mmoja. Dureza ndiye baba wa Syrah, ile zabibu nyeusi maarufu. Kwa hiyo Teroldego ni baba mdogo wake Syrah, au baba mkubwa, kati yao nani alitangulia kuzaliwa hakuna anayejua. Na Syrah nayo si ipo Dodoma? Basi familia imekutana tena huko kwenu.

#15 Nimekaa_Pale

Syrah amekuja mjini kumbe baba mdogo keshapanga chumba Hombolo 😂

#16 Mgosi_wa_Monferrato (mleta uzi)

Haya, nyeupe kama nilivyoahidi. Nitasema mbili kwa kirefu, nyingine nitapita juu juu.

Timorasso. Vilima vya Tortona, mwisho wa Piemonte mashariki. Ni zabibu nyeupe yenye tabu: vichala havikamatani vizuri, punje zinadondoka, uzao hautabiriki. Wakulima wakaing'oa na kuweka Cortese, inayotengeneza Gavi, maana hiyo inazaa bila maswali. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Walter Massa wa Monleale, mkulima kwenye shamba la familia, akaamua kutengeneza Timorasso peke yake akaone inatoa nini. Majirani waliona anachezea ardhi. Leo mashamba yamerudi, na kampuni kubwa za Barolo zinakuja kununua ardhi Tortona kupanda Timorasso.

Ikiwa changa ina uchachu, limau na asali kidogo. Usiinywe hapo. Iache miaka mitano, sita. Inabadilika, inaanza kutoa harufu ya mawe na kitu kinachokaribia petroli, na mdomoni inakuwa nzito bila sukari hata chembe. Tuliifungua moja jikoni baada ya kazi, ya miaka mingi, na samaki wa kupaka niliowapikia wenzangu, nazi na ukwaju. Mpishi mkuu, mtu asiyesifu kitu, alirudia sahani na glasi. Mvinyo mweupe wa kawaida nazi ingeumeza.

Asprinio ya Aversa. Hii ni Campania, tambarare kati ya Napoli na Caserta. Mizabibu haikai kwenye waya. Inapanda juu ya miti, mipopla mirefu, inatandikwa kutoka mti hadi mti kama ukuta wa majani unaofika mita 15. Mvunaji anapanda ngazi nyembamba iliyopimwa kwa mwili wake, anakaza goti kwenye kipago ili mikono yote miwili iwe huru, kikapu kinashushwa kwa kamba na wa chini anapokea. Siku nzima juu huko. Chini ya miti wanalima mboga. Mvinyo wenyewe una uchachu wa limau hasa, hauna kileo kikubwa, unapigwa baridi sana na jibini la nyati. Mashamba ya namna hii yanapungua kwa sababu anayetaka kupanda ngazi ya mita 15 kwa ujira wa kuvuna zabibu ni nani?

Kwa kupita: Prié Blanc ya Morgex, Valle d'Aosta, chini ya Mont Blanc, inalimwa hadi karibu mita 1,200 na iko kwenye mizizi yake yenyewe kwa sababu yule mdudu hakufika kule juu. Pecorino ya Marche na Abruzzo, ambayo ni zabibu kabla haijawa jibini kwenye kichwa cha mhudumu, kwa hiyo ukiagiza taja kwamba unataka chupa. Nascetta ya Novello. Vernaccia ya Oristano, Sardegna, inayoachwa kwenye pipa lisilojaa mpaka chachu itande utando juu, inatoka na harufu ya lozi na chumvi. Hiyo ya mwisho wengi hawaipendi mara ya kwanza na sitawalaumu.

#17 Sanaa_ya_Kitimoto

Wakuu mmeongea pilau, mmeongea samaki. Kitimoto ya kukaanga na ndizi, kachumbari na limau pembeni. Mvinyo gani? Msiniambie bia, hiyo naijua.

#18 Mgosi_wa_Monferrato (mleta uzi)

Lambrusco. Tulia, si ile tamu ya rafu ya chini. Tafuta imeandikwa Lambrusco di Sorbara na neno secco, maana yake haina sukari. Inatoka Modena, nchi ya nguruwe kweli kweli, mortadella, zampone na ndugu zao. Rangi ni pinki iliyokolea, povu jekundu linapanda na kushuka, uchachu unauma. Mafuta ya kitimoto hayana pa kukimbilia. Ipige baridi.

Sorbara nayo ina kituko shambani. Maua yake hayana chavua inayofaa, hayajitoshelezi. Lazima apandwe jirani, mara nyingi Lambrusco Salamino, ili amchavushie. Hata hivyo maua mengi yanapukutika na kichala kinabaki na mapengo. Mkulima anayepiga hesabu tu angeshaing'oa zamani.

#19 Wa_Lavington

Hii ya secco nimeelewa. Sasa kwenye chupa mtu aangalie nini kingine? Huku kwetu lebo ni kama katiba.

#20 Mgosi_wa_Monferrato (mleta uzi)

Usikariri DOC na DOCG, hizo zinakwambia mvinyo umefuata kanuni za eneo lake, hazikuhakikishii utamu wa maisha. IGT, daraja la chini yake lenye kanuni nyepesi zaidi, si la walioshindwa, wengine wameikimbilia kwa hiari kwa sababu kanuni zinawabana. Tafuta jina la kijiji pamoja na jina la zabibu: Verduno Pelaverga, Rossese di Dolceacqua, Lacrima di Morro d'Alba. Hiyo Lacrima ni ya Marche, haihusiani na Alba ya huku kwetu, ina harufu ya waridi na inakwenda na biriani. Na Montepulciano ni mtego: Montepulciano d'Abruzzo ni zabibu inayoitwa Montepulciano, Vino Nobile di Montepulciano ni mji wa Toscana unaotumia Sangiovese. Watu wanalipia moja wakidhani wamepata nyingine. Angalia na nyuma ya chupa, nani aliutia kwenye chupa. Aliyelima mwenyewe huandika.

#21 Kashasha_Mtupu

Nimerudi. Shemeji yangu ametoka Bolzano amekuja na Schiava, nimeiweka friji kama mlivyosema, nyuzi sijui ngapi lakini ilikuwa baridi. Ni nzuri kwa mchana, nakubali. Ila bado ni juisi. Niambieni kuna kitu huko kwenye hizo mbegu zenu zisizo na jina kitakachoniumiza taya, au nirudi kwenye Cabernet yangu?

#22 Dada_wa_Udine

Kashasha wewe ni wa huku Friuli. Pignolo. Nyeusi, miche yake ya zamani ilisalia kwenye abasia ya Rosazzo na ndiko ilikookolewa. Tanini zake ni za kugombana nazo. Ukishindwa kuipata kuna Tazzelenghe, yenyewe inapiga kwa uchachu, nilimpa jirani yangu Mfaransa akaweka glasi chini akaniangalia tu.

#23 Kashasha_Mtupu

Hapo sasa. Pignolo naandika. Naifungua siku hiyo hiyo?

#24 Dada_wa_Udine

Hapana. Tafuta iliyofikisha miaka kumi, na uifungue asubuhi kama unakunywa jioni. Nyama iwe ya mbuzi, iliyochomwa na mfupa wake.